Pangeni ardhi ya kijiji chenu kabla hamjapangiwa: mwongozo kwa vijiji vya Lamu

Huu mwongozo ni wa kamati za vijiji, watu wa BMU (vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo), vikundi vya kina mama, walimu wa madrasa, vijana waliomaliza shule na wako tu nyumbani, na yeyote yule hapa Lamu ambaye ashaona gari laingia kijijini, watu washuka na vigingi vya chuma, wapiga vigingi kwenye ardhi ya watu bila hata kutoa salamu. Naongea juu ya mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ule ambao wanakijiji wenyewe wakaa wakakubaliana hapa ni pa kulima, hapa ni njia ya ng'ombe, mikoko ya mkondo ule haikatwi, kisima hiki hakichimbiwi choo karibu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mkitaka kuhifadhi msitu na bahari msianze na wanyama, anzeni na matumizi ya watu. Ukiita mkutano wa "kuhifadhi bayoanuwai" watakuja watu wachache na nusu yao wasubiri nauli. Ukiita mkutano wa kujua nani akata boriti wapi, malisho yaishia wapi na kwa nini kaa wamepungua, baraza litajaa mpaka watu wakae nje kwenye mikeka. Na mambo ni yale yale, kwa sababu anayejua kaa wamepungua ndiye anayejua mikoko imekatwa wapi.

Kwanza, jueni ardhi mnayoikalia ni ya aina gani

Hapa msipaharakishe. Katiba ya 2010 yagawa ardhi mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi. Kijiji kimoja cha Lamu chaweza kuwa na yote matatu ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mashamba ya Mpeketoni yatoka kwenye skimu ya makaazi ya Ziwa Kenyatta na watu wana hati. Mikoko yote, hata ile iliyo nyuma ya choo chako, ni msitu wa serikali tangu 1932 na msimamizi wake leo ni KFS, shirika la misitu la serikali, kwa hivyo mwaweza kuisimamia pamoja nao kupitia chama cha msitu cha jamii, ile CFA, lakini msije mkaandika kwenye mpango kwamba mikoko ni mali ya kijiji, mtachekwa ofisini na karatasi nzima itupwe. Kule juu kuna hifadhi ya Boni na ya Dodori, zote za 1976, na hifadhi ya bahari ya Kiunga ya 1979, hizo ni za KWS, shirika la wanyamapori.

Waaweer, ile jamii ya wawindaji na wakusanyaji, wale wa Mangai, Basuba, Milimani, Mararani na vijiji vile vyengine wana kifungu chao maalumu na wengi hawakijui: kifungu cha 63 cha Katiba chataja ardhi ya mababu na ardhi ambayo jamii za wawindaji na wakusanyaji zimeikalia tangu jadi kuwa ni ardhi ya jamii. Kariri namba hiyo. Afisa akikwambia "nyinyi hamna ardhi, hii ni ya serikali tu" umuulize amesoma 63.

Halafu mtu mmoja aende ofisi ya ardhi afanye sachi, yaani aangalie kwenye rejista ni ya nani, ya vipande mnavyovitilia shaka. Usiseme "pale ni pori tu, si pa mtu". 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za ekari kama laki tano hapa Lamu ambazo zilikuwa zimechukuliwa na makampuni, basi piga hesabu hiyo kisha uniambie kama pori ni la bure.

Pili, nani awe kwenye mkeka

Kosa la kawaida ni kuita wazee, mwenyekiti wa BMU, chifu na vijana wawili wanaojua kuandika, kisha kuita hiyo ni jamii. Andikeni orodha kwa kazi, sio kwa cheo. Nani avua kwa mshipi, nani kwa nyavu, nani ategesha lema. Nani achokoa pweza mwambani. Nani akata mapau na boriti, na nani ni fundi wa kuzinunua. Matondoni mafundi wa majahazi wajua mkomafi uliopinda vizuri kwa mataruma (mbavu za chombo) wapatikana mkondo gani kuliko afisa yeyote. Kipungani wasusi wa mikeka. Warina asali. Wachoma makaa, ndio, na wao waitwe, mkiwaacha nje mpango wenu hautafika mwezi. Wachimba mawe wa Maweni kule Manda.

Na wafugaji. Hili nalirudia kwa sababu ndilo huruka: Waorma na Wasomali wenye ng'ombe hawako hapo miezi yote, waja ukame ukibana, na ukiwapangia njia wakiwa hawapo, siku wakifika na mifugo yao wamekuta shamba la simsim mahali pa kunyweshea. Jirani zetu wa delta ya Tana walifika mpaka kuuana 2012 na 2013, wakulima na wafugaji. Baadae ndio ukaja mpango wa matumizi ya ardhi wa delta, uliokamilika 2015 na kuhusisha vijiji 106 vya upande wa Tana River na upande wetu wa Lamu. Kazi ilikuwa ni kukaa kijiji kwa kijiji, mkulima na mfugaji waangalie ramani moja. Ukitafuta mfano wa karibu ni huo.

Saa ya mkutano nayo ni siasa. Bamvua, maji yakijaa na kutoka sana, usiite mkutano saa nne asubuhi, maji yametoka na wachokoaji wote wako mwambani. Ijumaa mchana usijaribu. Jioni wanawake wako jikoni. Mimi napendelea alasiri ya maji mafu, yale yasiyojaa wala kutoka sana, na wanawake wakutane kwanza peke yao kisha ndio wote pamoja, kwa sababu ukiwakalisha nyuma ya wanaume watasema "sawa" kwa kila kitu na ukweli wote watauzungumza wakirudi nyumbani.

Tatu, ramani ya chini

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo na usikubali mtu wa mradi akuletee ramani tayari ya satilaiti kwanza. Satilaiti itakuja baadae. Tafuta uwanja wenye mchanga, fagia, halafu mpe mtu mzima mmoja kijiti aanze na kitu kimoja ambacho hakuna anayebishana nacho, msikiti mara nyingi, au jeti ya kushukia mashua. Kutoka hapo waache wachore. Jivu la jikoni kwa njia, mawe madogo kwa visima, majani ya mikoko kwa mikoko, vifuu kwa nyumba, kamba kwa mkondo wa maji. Vijana wasimame wanyamaze kwanza.

Ugomvi utakuja na ndio mwautaka. Kijana mwenye simu asema njia ya Bargoni yapita hapa, mama mmoja nyuma amjibu:

"Hiyo mwaichora ya pikipiki, mwanangu. Sisi twapita kwa mikoma, chini, kuna maji."

"Maji gani, bi? Mimi sijaona maji pale."

"Utayaonaje nawe wapita mbio."

Basi kwa maneno hayo mmepata njia ya zamani, mmepata mikoma ya kusukia, na mmepata chemchemi ambayo haiko kwenye karatasi ya ofisi yoyote. Hapo mwenye kalamu asichoke. Kila kitu kikitajwa mnauliza tatu: nani hutumia, mwezi gani, na zamani ilikuwaje. Mwezi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hapa ardhi na bahari hugawanywa na pepo. Kaskazi watu wavua nje mbali, kusi bahari yachafuka na wote warudi kubanana ndani ya mikondo na kwenye mikoko, sasa ukiifunga mikondo wakati wa kusi umefunga chungu cha mtu, na ukiifunga kaskazi pengine hata hataona.

Mkimaliza pigeni picha kutoka juu, mtu apande mnazi au dari ya nyumba, halafu nakilini kwenye karatasi za manila kwa kalamu za rangi kabla mbuzi hawajapita. Ndipo vijana waingie na simu: kuna programu za bure za GPS ambazo zarekodi njia hata bila intaneti, waende kwa miguu na mzee mmoja na mwanamke mmoja wanaojua sehemu, wabonyeze kila kisima, kila kaburi la zamani, kila mpaka.

Tahadhari kwa watu wa upande wa Boni na Basuba na hata Hindi: tangu 2015 msitu ule una operesheni ya usalama. Kijana anayetembea porini na simu mkononi akipiga picha ataulizwa maswali ambayo hatayapenda. Toeni taarifa kwa chifu na kambi iliyo karibu kwa barua, siku na majina ya watakaoingia, na msibadilishe siku bila kusema.

Nne, wekeni viumbe juu ya ramani

Sasa ndio twafika kwa wanyama na miti, na mtaona watu wameshavitaja karibu vyote. Chukueni rangi moja mpya, mtie alama mahali pa kuzaliana na mahali pa kupita, hivyo viwili tu kwanza.

Kwa mikoko msiandike "mikoko" mkaondoka. Mlilana uko mbele baharini wapigwa na mawimbi, mkoko wenyewe wafuata penye tope la mikondo, mkandaa na mchu hupanda juu panapofikwa na bamvua tu. Mkikata mlilana wa mbele, ufuo waliwa. Mkikata wote ule wa katikati, mizizi yake ndiyo nyumba ya kamba na samaki wadogo na kaa, basi mwaka wa pili mvuvi asema bahari imeharibika. Na Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya nzima, kwa hivyo hili si jambo la kijiji kimoja.

Nyasi za bahari zitieni alama pia, hapo ndipo kasa hula, na nguva pia, kama bado wapo wanaowaona. Fukwe ambazo kasa hupanda kutaga ziandikwe pamoja na taa zilizo karibu, manake vifaranga vya kasa hufuata mwanga, hoteli ikiwasha taa ya nje usiku kucha wale watoto waenda barabarani badala ya kwenda majini.

Vilima vya mchanga vya Shela navitaja peke yake kwa sababu watu waviona ni mandhari ya wageni kupigia picha. Maji matamu ya mji wa Lamu yamelala chini ya mchanga ule, mvua yachujwa yashuka yakaa juu ya maji ya chumvi. Kila nyumba inayojengwa juu yake na kila shimo la choo ni swala la maji ya kunywa ya mji mzima. Ukiwa waishi Shela na hamna mpango, fanyeni huu hata kabla ya mwengine wowote.

Bara, andikeni njia za ndovu na nyati mlivyozijua nyinyi, na mabwawa wanayonywa. Kule Boni na Dodori kuna topi, kuna hirola ambaye ni mmoja wa swala adimu kabisa duniani, na kuna sengi yule mwenye pua ndefu ambaye wanasayansi walikuwa hawajui kama yuko msitu ule mpaka miaka ya karibuni huku Waaweer wamuona kila siku. Ziwa Kenyatta lina viboko na lina watu wanaolima mpaka ukingoni, hapo mstari wa ukingo ndio mpango wenyewe.

Tano, gawanyeni, lakini msigawanye vipande ishirini

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yaruhusu jamii kutenga maeneo ya kilimo, makaazi, hifadhi ya jamii, njia, sehemu za dini na utamaduni na mengineyo. Ni orodha nzuri ila kijijini watu hawatakumbuka yote. Kwa maoni yangu mafungu matatu yatosha: hapaguswi, pana utaratibu, na pa kazi.

Hapaguswi pawe padogo. Narudia, padogo. Chemchemi, kipande cha mwamba, fuo ya kasa, mikoko ya kichwa cha mkondo, makaburi na msitu unaoyazunguka. Mkichukua nusu ya msitu mkasema haingiwi, hamtaweza kulinda na mtu wa kwanza kuvunja atakuwa mjomba wa mwenyekiti. Kipande kidogo kila mtu akiona, na mwizi aonekana.

Pana utaratibu ndipo patakuwa pakubwa: mikoko inayokatwa kwa leseni, malisho ya zamu, mwamba unaofungwa na kufunguliwa. Huko Pate wachokoaji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, wakifungua wapata pweza wakubwa, na hili lafanya kazi kwa sababu pweza akua haraka sana na maisha yake ni mafupi, kwa hivyo ukimuacha miezi michache tu tofauti yaonekana kwenye mizani. Chewa ukimfungia miezi mitatu hutaona kitu, yule ataka miaka. Kwa hivyo anzeni na kitu ambacho faida yake yaja upesi, watu wakiona ndio watakubali kufunga kile cha polepole.

Mipaka iwe ya kuonekana kwa macho. "Kutoka mbuyu wa kwanza mpaka mdomo wa mkondo, kisha kufuata ukingo wa mikoko mpaka kisima cha mawe." Namba za GPS ziwekeni nyuma kwa ajili ya ofisi. Mvuvi akiwa kwenye mtumbwi saa kumi alfajiri hasomi namba.

Sita, kanuni

"Mikoko ihifadhiwe" si kanuni, hayo ni maombi. Kanuni ijibu nani, nini, wapi, lini na akivunja aenda kwa nani. Mfano: "Mkondo wa kaskazini wa kijiji, kuanzia mdomo mpaka pale penye mchu mkubwa, hakatwi mti wowote mwaka mzima. Mkondo wa kusini, mwenye leseni ya msitu akata mapau na boriti, nguzo hakati, na kila anapokata aache miti mama iliyosimama na matawi yasizibe maji. Atakayekutwa apelekwa mbele ya kamati ya CFA, akirudia apelekwa kwa afisa wa msitu." Fupi, na mtoto wa shule aweza kusoma kwa sauti.

Faini msijitungie tu. Kanuni za BMU zina nguvu zake kwa mambo ya uvuvi, makubaliano ya CFA na KFS yana nguvu kwa mikoko, nje ya hapo kijiji hakina mamlaka ya kumtoza mtu pesa na mkimtoza mtapelekwa polisi nyinyi. Tumieni njia zilizopo. Na pesa yoyote ikiingia itolewe risiti, hata ya shilingi mia.

Jambo dogo kuhusu wachoma makaa: msimuandikie mtu "marufuku" bila kumuandikia kazi nyengine kwenye mpango huo huo. Mizinga ya nyuki, vitalu vya miche ya mikoko, kazi ya doria, chochote kile ambacho kiko kweli na si ahadi ya semina.

Saba, ufungeni mpango kwenye sheria, la sivyo ni picha

Hii sehemu ni kavu lakini mipango mingi hufia hapa. Manila yenu ikikaa nyumbani kwa katibu haina uzito wowote.

Kuna milango minne na pitieni yote mnayoweza. Wa kwanza ni mpango mkuu wa kaunti. Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kutengeneza mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti nzima, na ule umeandikwa wa 2016 mpaka 2026, kwa hivyo mapitio yake ndiyo nafasi yenu ya kuingiza mistari ya kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 yailazimu kaunti kutangaza rasimu na kupokea maoni ya watu, mkiona tangazo gazetini au ofisi ya wodi hesabuni siku na mpeleke maandishi, sio maneno ya barazani tu. Wa pili ni mpango wa maendeleo wa miaka mitano, wa sasa ni wa 2023 mpaka 2027, huko ndiko kunako pesa, mkitaka kisima au doria ilipwe iandikwe humo.

Wa tatu ni kusajili ardhi ya jamii wenyewe kwa wale ambao ardhi yao ni ya fungu hilo. Mwaandika rejista ya wanajamii, mwaitisha mkutano mkuu, mwachagua kamati ya watu kuanzia 7 mpaka 15, mwajitungia katiba yenu, kisha mwaenda kwa msajili na upimaji wafuata. Yachukua muda na wapima wenyewe ni shida kuwapata, msikate tamaa, kwa sababu ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikwa na kaunti kwa niaba yenu na "kwa niaba" ndiyo sentensi iliyowaliza wengi. Mkishasajiliwa mwaweza kupeleka mpango wenu kaunti uidhinishwe rasmi. Wa nne ni mipango ya CFA na BMU, hiyo nimeshaigusa.

Kila barua nakala mbili, moja yabaki kwao na moja yarudi na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Karani akisema "iwache tu hapo" msiiache.

Nane, siku mwekezaji akija

Atakuja. Bandari ya Lamu ilifungua gati lake la kwanza Mei 2021 na tangu LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari na barabara, ianze kutajwa bei ya kila kiwanja kuanzia Mokowe mpaka Hindi na Kililana ina hadithi yake.

Mkumbuke mambo ya makaa ya mawe kule Kwasasi. Mtambo wa megawati 1,050 ulipewa leseni na NEMA, mamlaka ya mazingira, 2016, watu wa Lamu wakaenda kwenye tribunali ya kitaifa ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa moja: mikutano iliyoitwa ushirikishaji wa umma ilifanyika kabla ripoti ya athari haijakuwepo, watu walionyeshwa mradi bila kuonyeshwa madhara, na tribunali ikasema huo si ushirikishaji. Kwa hivyo mkiitwa kwenye mkutano wa mradi swali la kwanza ni "ripoti iko wapi, na iko kwa lugha gani". Haipo, andikeni kwenye minitsi zenu wenyewe kwamba haipo, tarehe, walioongea, na piga picha karatasi ya mahudhurio kabla haijaondoka, manake jina lako kwenye mahudhurio laweza kusomwa kesho kama umekubali. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2018, mahakama kuu iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari. Sasa fikirini orodha ile ya kazi mloiandika hatua ya pili, nani avua wapi kwa chombo gani mwezi gani: kesi kama hizo hujengwa na karatasi za namna hiyo.

Ikiwa ardhi ni ya jamii iliyosajiliwa, mkataba wowote wa uwekezaji wapaswa kupita mkutano mkuu kwa theluthi mbili. Mwenyekiti hana mamlaka ya kutia sahihi peke yake hata akinunuliwa pikipiki.

Kisha kuna hawa wa kaboni, wanaouza hesabu ya hewa ya ukaa ambayo miti yaivuta, wameanza kuzunguka. Sio kitu kibaya, Gazi kule Kwale wana mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, hekta 117 tu, na pesa imeleta maji na kusaidia shule. Ila soma miaka ya mkataba, nani amiliki hesabu za kaboni, na mkumbuke sheria ya mabadiliko ya hali ya hewa iliyorekebishwa 2023 yasema mradi wa kaboni wa ardhi uipe jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Akikwambia ishirini, muonyeshe mlango kwa adabu.

Tisa, kukagua

Chagueni sehemu chache, mti fulani, kisima fulani, jiwe fulani mwambani, mpige picha kutoka mahali pale pale kila baada ya miezi sita. Watoto wa shule wapenda kazi hii. Kaa na pweza wapimwe kwa mizani ya mchuuzi, daftari anayo tayari, muombeni tu. Mkiona kipande cha hapaguswi hakijabadilika kwa miaka miwili kihamisheni, hakuna aya iliyoteremka juu yake.

Mkutano wa mapitio uwekeni ndani ya kusi, Julai au Agosti, mashua nyingi ziko juu na mvua kubwa zimepungua hata watu wa Kiangwe na Basuba wapata njia ya kufika. Wafugaji wapelekewe habari mwezi mzima kabla. Nakala ya mpango ikae shuleni, moja msikitini, moja kwa BMU, moja kwa mwanamke mmoja mliyemwamini, na picha zake kwenye simu za watu wengi. Chifu na mwakilishi wa wodi waalikwe kwa barua, sio kwa kupigiwa simu.